“Unaitwa nani?” “Sikujua.”

“Jina lako nani, mama?”

“Sikujua.”

“Hujui jina lako?”

“Ndilo hilo. Sikujua.”

Nilikuwa kwenye foleni ya zahanati, mtu wa pili nyuma ya mama huyo wa makamo. Kijana wa mapokezi hakuwa na nia mbaya, alidhani hajasikika vizuri. Lakini benchi zima liliangua kicheko. Mama akavuta mtandio mbele kidogo, akageuza kadi yake ili kijana ajisomee, na hakufungua tena kinywa mpaka alipoitwa ndani.

Barua nyingi mnazoniandikia zinatoka kwenye dirisha kama lile. Mna majina ambayo watu huyacheka, au huyauliza mara mbili, au huyakosea kwa makusudi. Mnaitwa Shida, Mashaka, Matatizo, Sijali, Godlisten, Ngonyani. Swali lenu ni lile lile kila mwezi: nibadilishe jina? Nilifundisha shule ya msingi miaka 23 kabla ya kuanza kuandika makala hizi, na kila asubuhi nilikuwa nikisoma majina kwa sauti mbele ya watoto. Jibu langu ni kwamba kubadilisha kunawezekana, na baadaye nitaeleza njia yake. Ila kuna hatua za kutangulia, na wengi wenu mkizifanya hamtahitaji kufika huko.

Kwanza, ulizia lilikotoka

Msomaji aliniandikia kwamba alichukia jina lake miaka 30 na hajawahi kumuuliza mtu yeyote kwao kwa nini aliitwa hivyo. Usifanye hivyo. Majina mengi yanayochekesha mjini yalikuwa na maana iliyo wazi kabisa siku yalipotolewa:

- Yapo ya wakati. Chausiku alizaliwa usiku, Mwajuma siku ya Ijumaa, Mwanaidi siku ya Idi. Msukuma aliyezaliwa mvua ikinyesha ni Mabula, au Kabula akiwa msichana. Mjaluo wa usiku ni Otieno, wa mvua ni Okoth.
- Yapo ya mpangilio. Pili na Tatu kila mtu anayajua. Kulwa na Doto ni pacha, na anayewafuata ni Shija. Kwa Wajaluo pacha ni Opiyo na Odongo, anayewafuata ni Okello.
- Yapo ya hali ya nyumba au ya nchi. Shida, Tabu, Masumbuko. Kondo ni vita kwa Kiswahili cha zamani, na mtoto wa jina hilo alizaliwa watu wakipigana. Leo watoto wa darasa la tatu wanalia “mee” akipita, kwa sababu wanasikia kondoo.
- Yapo ya msiba. Mama aliyezika watoto wawili watatu alimwita anayefuata jina ambalo mtu hawezi kulitamani, ili kifo nacho kisimtamani. Wengine walimwita kama aliyerudi: Kariuki kwa Wakikuyu, Musyoka kwa Wakamba.
- Na yapo ya ukoo, ambayo hayana kisa chako wewe peke yako. Ngonyani, Mapunda, Komba na Tembo ni majina ya koo zinazojulikana Songea nzima.

Namna ya kuuliza ina utaratibu wake. Usiulize kwa simu, wala mbele ya wageni. Mtafute aliyekuwepo siku ile, na mara nyingi huyo si baba. Ni shangazi, bibi, mama mkubwa, au mkunga wa mtaa kama bado yu hai. Uliza vitu vyenye majibu: nani alitamka jina kwanza, nyumbani kulikuwa na nini wiki ile, nani alikuwa amefariki. Kisha andika, maana wazee wanaondoka na visa hivi.

Uwe tayari pia kwamba utamliza mtu. Mdogo wangu wa kike anaitwa Tabu. Tulikua tukiamini baba alimwita hivyo kwa kuwa alitaka mtoto wa kiume, na Tabu mwenyewe aliishi na mawazo hayo mpaka akawa na watoto wake. Siku moja alimuuliza mama mkubwa, tukiwa uani tunamenya mihogo. Mama mkubwa aliweka kisu chini. Akasema mama yetu alishikwa na uchungu Alhamisi, mtoto akatoka Jumapili alfajiri, na baba hakula siku zote hizo, alikaa nje ya mlango. Walipomwambia wote wawili wazima, alisema tabu imekwisha, na neno la kwanza ndilo likabaki kwa mtoto. Tabu alikuwa na miaka 41 siku hiyo.

Namna ya kulitaja dirishani

Nimewaangalia watu wenye majina haya kwa muda mrefu. Wanaopata taabu zaidi hufanya mojawapo ya makosa haya: wanalinong’ona, wanalicheka wenyewe kabla ya mwingine, au wanaanza na “samahani”. Ukiomba radhi kwa jina lako, umemwambia mwenzako kwamba lina kosa.

Jaribu hivi:

1. Tumia sentensi nzima pamoja na jina la baba. “Jina langu ni Sikujua Ali.” Ukijibu “Sikujua” peke yake, umejibu kama mtu asiyejua. Maneno “jina langu ni” yanamwandaa msikilizaji, na “Ali” linamaliza ubishi.
2. Toa kitambulisho au kadi wakati huo huo unapotamka. Jicho likiona, sikio haliulizi tena.
3. Akicheka, nyamaza mpaka amalize, kisha rudia jina kwa sauti ile ile. Usipandishe, usishushe.
4. Akikosea herufi, msahihishe palepale. Kesho ni kazi kubwa zaidi, kama utakavyoona chini.

Najua mtakachosema: “Mwalimu, kwa nini nijieleze kila siku ya Mungu?” Hudaiwi maelezo na mtu yeyote. Kisa cha jina lako ni mali yako, mpe unayempenda. Karani anadai jina tu.

Wenye watoto, fanyeni mazoezi haya nyumbani kabla ya siku ya kwanza ya shule. Mama awe mwalimu, mtoto asimame, aseme jina lake lote. Mara kumi. Mtoto aliyelizoea kinywani mwake huwa hatikisiki upesi.

Utani na dhihaka ni vitu viwili

Mnyamwezi na Mzaramo watachekeana majina hata msibani, na hakuna atakayenuna, kwa kuwa utani ni wa pande mbili na una mipaka inayojulikana. Kama ni mtani wako, mjibu. Ni haki yako kama ilivyo yake.

Lakini kuna anayecheka na wewe huwezi kumcheka: mwalimu, muuguzi, bosi, baba mkwe. Huyo si mtani. Mwendee peke yake, baadaye, umwambie kwa upole: “Naomba uniite kwa jina langu kama lilivyo.” Wengi hushtuka, kwa kuwa hawakujua kwamba umeumia.

Kwa walimu, wauguzi na washereheshaji

Hapa nina deni langu mwenyewe.

Mwaka wangu wa kwanza kazini, shule ya Pwani, alihamia mvulana Mnyakyusa aitwaye Anyelwisye. Kwao Rungwe jina hilo halimshtui mtu. Kwa sikio la Kiswahili silabi zake za mwanzo zinaangukia kwenye neno la msalani. Nilikuwa sijaipitia orodha. Nilifika katikati ya jina, nikasita, nikabana midomo. Darasa liliniona. Sikutoa sauti hata kidogo, ila nilikuwa nimewapa ruhusa. Kuanzia kesho yake mvulana yule aliitikia “nipo” kabla sijamaliza jina la anayemtangulia, ili lake nisilisome. Alifanya hivyo mwaka mzima, nami nilimwachia, nikijidanganya kwamba namsaidia. Ilinipasa nimwite pembeni siku ile ile, nimwombe radhi, anifundishe kulitamka, kisha nilisome vizuri kila asubuhi mpaka darasa lilizoee.

Kwa hiyo, wewe unayeshika orodha au kipaza sauti:

- Pitia majina kabla, peke yako. Ambalo hujawahi kukutana nalo, muulize mwenyewe faraghani.
- Likiwa gumu, litamke polepole mpaka mwisho. Kusita katikati ndiko kunakoleta kicheko.
- Usimbatize mtu. “Hili gumu, tutakuita Anna” ni kumnyang’anya mtoto jina mbele ya wenzake.
- Mshereheshaji, majina ya wazazi wa bwana na bibi harusi yachukue siku moja kabla, uyasome kwa sauti kwa mmoja wa familia. Ukumbini mbele ya wageni 300 si pahali pa kujifunza.
- Muuguzi, ukiitikiwa neno usilolielewa, sema “niandikie” au omba kadi. Usirudie kwa sauti kama swali.

Makaratasi yanaumiza kuliko vicheko

Kicheko kinaisha. Herufi moja iliyokosewa inaweza kukukuta miaka 20 baadaye, kwenye mirathi au pensheni. Nimeona familia ikizungushwa kwa kuwa marehemu ni Athumani kwenye cheti kimoja, Athman kwenye kingine, na Othman benki. Hamisi na Khamis, Ramadhani na Ramadhan, hadithi ni hiyo hiyo. Majina ya Kiingereza ndiyo usiseme: Happiness, Witness, Lightness na Givenness huandikwa kila karani anavyosikia.

Fanya hivi wiki hii:

1. Weka mezani cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule, kitambulisho cha taifa, kadi ya benki, na uangalie jina linalotokea mtu akikutumia pesa kwa simu. Vyote kwa pamoja.
2. Andika kila tofauti, hata nukta.
3. Chagua cheti cha kuzaliwa kiwe msingi, isipokuwa kama vyeti vyako vyote vya shule vinakubaliana dhidi yake. Hapo pata ushauri kabla hujagusa kitu.
4. Tofauti ndogo za herufi mara nyingi hutatuliwa kwa hati ya kiapo inayosema majina haya ni ya mtu mmoja. Uliza kwanza ofisi inayokudai kama itaikubali.

Mnaokwenda Ulaya, Marekani au Ghuba, kumbukeni kwamba utaratibu wetu wa jina lako, la baba na la babu huwachanganya wenzetu. Wao hudhani jina la mwisho ni la familia nzima, halafu wanashangaa baba na mwana hawalingani. Jaza fomu zote kwa mpangilio ule ule ulio kwenye pasipoti, usibadilishe fomu hii na ile. Wewe Fatuma, ukiona watu wanaozungumza Kiingereza wanakukata jina zibaki herufi tatu za kwanza, wakatalie mapema. Kwao hiyo ina maana ya mnene.

Ukiamua kubadilisha

Wapo wanaoniambia kubadilisha jina ni kuwatukana wazazi. Sikubaliani nao. Katika Mwanzo, Raheli akiwa anakata roho alimwita mwanawe Benoni, mwana wa uchungu wangu, na Yakobo akamwita Benyamini. Katika hadithi za Mtume, mwanamke aliyeitwa Asiya, yaani muasi, alipewa jina la Jamila. Nyerere alipozaliwa mwaka 1922 aliitwa kwanza Mugendi, kisha wakalibadilisha wakamwita Kambarage, jina la mzimu wa mvua. Na binti aliyezaliwa Fumba, Unguja, akaitwa Mtumwa, alihamia mjini akaimba mpaka watu wakamwita Siti. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri, na Shaaban Robert alipoandika wasifu wake aliuita *Wasifu wa Siti binti Saad*. Hata mimi siwezi kumshauri mtu abaki Mtumwa.

Lakini jiulize: ningeishi mahali ambapo hakuna anayecheka, ningelipenda jina hili? Kama jibu ni ndiyo, basi tatizo ni watu wa hapo, na watu unaweza kuwahama au kuwazoeza. Kama ni hapana, endelea.

Kwa mtoto mdogo, nenda ofisi ya usajili mapema, kabla hajaanza shule na kabla jina halijaingia kwenye usajili wa mitihani. Kwa mtu mzima Tanzania, njia ni hati ya kubadili jina, ambayo wengi mnaiita dipoli. Wakili huiandaa, unatia saini kwa kiapo, inasajiliwa kwa Msajili wa Hati, kisha unaanza kurekebisha kimoja kimoja: kitambulisho cha taifa, pasipoti, benki, laini ya simu. Kenya nako hati husajiliwa na kutangazwa kwenye gazeti rasmi la serikali. Ada hubadilika, kwa hiyo iulize ofisini, usimuulize mtu aliyesimama nje ya geti na bahasha kwapani.

Haya ndiyo makosa ninayoyaona:

- Kuanza kutumia jina jipya kazini kabla ya hati. Unazalisha mtu wa pili kwenye makaratasi.
- Kudhani vyeti vya shule vitaandikwa upya. Vitabaki na jina ulilofanyia mtihani, na hati ndiyo itakayounganisha. Toa nakala zake zilizothibitishwa, nyingi.
- Kulifuta kabisa jina la zamani. Ukiweza, lisogeze liwe la katikati. Bibi atakuita hilo hilo mpaka mwisho, usimkatalie.
- Kutowaambia nyumbani. Wakilisikia kwa watu baki wataumia, na hapo kweli litakuwa tusi.

Unayesubiri mtoto

Sheria ya Tanzania Bara inakupa siku 90 za kumsajili mtoto, na wengi wenu hungojea siku ya saba au ya arobaini kabla ya kutamka jina. Hata hivyo naona majina yanaandikwa kwenye tangazo la kizazi kwa haraka ya kutoka wodini. Kabla hujamwambia muuguzi aandike:

- Liite kwa sauti uani, kama unamwita mtoto aliyeko mbali. Sikia majirani watasikia nini.
- Liweke kwenye maneno ya kila siku. “Sijali amevunja sahani.” “Sijaona yuko wapi?”
- Lisome pamoja na la baba na la babu. Raha Mashaka Tabu ni majina matatu mazuri kila moja likiwa peke yake.
- Likate. Watoto wenzake watalikata, hilo usiwe na shaka.
- Kama ni jina la mchezaji, rais au tukio la wiki hii, ngoja wiki mbili.

Na la mwisho ndilo linaloniuma. Msimpe mtoto jina la ugomvi wenu. Pwani tuna Semeni, tuna Siwatu, tuna Sikudhani, na mengi kati ya hayo yalitolewa ili mawifi au majirani walisikie. Namwelewa mama aliyefanya hivyo, maana pengine hakuwa na mahali pengine pa kusemea. Lakini kwa maneno ya kuwarushia wenzako kuna khanga. Khanga utaivua jioni uikunje. Mtoto atalivaa jina lile mpaka siku ya kuzikwa, wakati wifi uliyemlenga alishasahau zamani ugomvi ulikuwa wa nini.

Yule mama wa zahanati

Nilimkuta tena dirisha la dawa. Nilimsalimia, nikamwambia mimi ni mwalimu, na kwamba ningependa kujua jina lake lilikotoka kama haoni vibaya. Aliniangalia kwanza. Akasema mama yake alizika watoto watatu, akakaa miaka tisa bila mimba, watu walishamwambia basi. Alipojifungua, wanawake waliokuja kumpa pole ya uzazi walimkuta anasema neno moja tu, analirudia: sikujua, sikujua kama nitapewa tena.

Dirisha lilifunguliwa. Binti wa ndani akauliza anayefuata ni nani.

“Jina langu ni Sikujua,” akasema, na akataja la baba yake, na safari hii kadi aliiacha mkobani.